Jinsi nilivyodhibiti ada za ziada za ndege katika safari za kampuni

Tangu mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yalipoanza kutoza ada ya begi la kwanza mwaka 2008, bei ya tiketi haitoshi tena kuonyesha gharama ya safari. Katika kampuni yetu, taarifa ya kadi ya malipo ilitaja jina la shirika na kiasi tu, hivyo ada za mzigo, kiti na kubadilisha tarehe zilichanganyika na nauli, na hakuna aliyejua bajeti inavujia wapi.

Nilianzia kwenye stakabadhi. Ada nyingi hutolewa hati ya kielektroniki yenye namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika lenyewe, kama ilivyo kwenye tiketi. Nilimwomba wakala wetu wa safari aweke namba ya hati ya ada na namba ya tiketi yake katika ripoti moja, nami nikawataka wasafiri waambatishe stakabadhi ya kila ada. Baada ya kuzioanisha ilibainika kwamba nauli ya chini kabisa, ambayo kanuni zetu ziliilazimisha (kwa nia njema, bila shaka), ndiyo iliyotugharimu zaidi kila msafiri alipokuwa na mzigo.

Sasa tunalinganisha jumla ya nauli na ada, na mzigo hulipiwa wakati wa kukata tiketi, kwa kuwa mashirika mengi hutoza zaidi uwanjani. Takwimu hizo nilizipeleka pia kwenye mazungumzo ya mkataba, na shirika tunalolitumia zaidi likakubali kujumuisha begi moja katika nauli zetu.