Nilivyofumua kazi ya kulipua kwenye MGB yangu

Mlango wa kushoto ndio ulionifumbua macho. Nilikuwa nimeinua gari kwa jeki ubavuni, pale pale kiwanda kilipotenga pa kuwekea jeki, ili nikague breki ya nyuma. Nikakumbuka spana imebaki kwenye kiti. Nikafungua mlango, nikaichukua, na nilipotaka kuufunga ukakataa. Ule mwanya wa nyuma ya mlango, upande wa juu, ulikuwa umepanuka hadi kidole kinapita. Nikashusha jeki, mlango ukafunga bila tabu. Nikainua tena, mwanya ukarudi. Gari lilikuwa linapinda katikati kama upinde wa mshale.

MGB ni gari dogo la michezo la Uingereza, na halina chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ile ya wazi kama yangu, ya 1971, haina hata paa la kuisaidia. Kinachoshika mbele na nyuma zisiachane ni ule mgongo wa katikati unaopitisha shafti, pamoja na vizingiti viwili vya chini ya milango. Na kizingiti si bati moja: kuna la nje, la kati na la ndani, yamechomelewa pamoja yakawa kama sanduku refu. Likioza la kati, la nje linabaki pambo.

Sumaku hunasa bati la chuma, hainasi kilichojaziwa. Nilikuja kuipitisha baada ya kununua, yaani nilipokuwa nimeshachelewa. Kwenye mlango ilinasa. Kwenye kizingiti ikateleza ikaanguka chini. Nikachukua patasi nikagonga kidogo, likatoka pande la puti, ile lepe ya kusawazishia bodi, nene kuliko kidole changu, limepakwa rangi safi kabisa kwa nje. Chini yake kulikuwa na bati jipya lililopigwa riveti juu ya bati bovu. Nikang'oa riveti. Nyuma ya bati hilo kulikuwa na lile povu la kujazia mapengo ya madirisha, na ndani ya povu, magazeti. Kizingiti chenyewe kilikuwa kimebaki vumbi jekundu.

Mwenye gari aliyenitangulia nilimpa jina la Bwana Puti, na tukaishi naye gerejini miezi kumi na minne. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba ufa kwa magazeti, ukuta nikajenga mimi.

Kabla ya kukata chochote niliondoa betri, kisha nikakwangua povu lote kwa mkono mpaka chembe ya mwisho. Hapo sikufanya haraka, kwa sababu povu lile likishika moto wa kuchomelea moshi wake ni sumu. Halafu nikachukua mabomba ya chuma ya pembe nne, nikachomelea moja kila upande, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Niliyaweka kwa ndani kidogo ili milango iendelee kukaa mahali pake. Ukikata kizingiti cha gari la wazi bila kulifunga hivyo, linalegea katikati, na kizingiti kipya kitalishika likiwa limelegea hivyo hivyo. Baada ya hapo hakuna mlango utakaokaa sawa maishani.

Upande wa kwanza niliuharibu. Bati la kati lilikaa vizuri, nikapandwa na furaha, nikavuta mstari mmoja mrefu wa kuchomelea bila kupumzika. Lilipopoa lilikuwa na mawimbi. Nikalikata lote. Mara ya pili nilipiga nukta, moja mbele, moja nyuma, moja katikati, nangoja mpaka bati liguswe kwa mkono, naendelea. Kila baada ya nukta kumi hivi nafunga mlango na kupima mwanya kwa vipande vya kadibodi nilivyokata saizi moja. Inachosha kuliko ninavyoweza kueleza. Upande wa pili ulinichukua nusu ya muda wa ule wa kwanza.

Nyaya zilikuwa kichekesho cha aina yake. Magari ya Uingereza ya enzi hizo yana lugha ya rangi: kahawia ni umeme wa moja kwa moja toka betri, nyeupe ni wa swichi ya kuwashia, kijani umepita kwenye fyuzi baada ya swichi, nyeusi ni ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Ukishaijua unasoma gari kama kitabu. Bwana Puti alikuwa na roli moja tu la waya mwekundu, akalitumia kila mahali. Mwekundu kwenye waipa, mwekundu kwenye indiketa, mwekundu kwenye pampu ya mafuta, zote zimefungwa kwa tepu iliyoyeyuka ikawa gundi.

Lakini kosa lake kubwa kwenye umeme linaweza kumpata hata fundi mwangalifu. Fyuzi za zamani za Uingereza zilizoandikwa 35 zinakatika kwenye ampea 35, ila mzigo wake wa kawaida ni ampea 17. Fyuzi za aina nyingine ile namba ni ya mzigo wa kawaida. Yeye aliona 35, akaweka 35 ya aina hiyo nyingine, na waya wa kijani ukawa unaungua kabla fyuzi haijashtuka. Nilikuta umebabuka kwa urefu wa mkono mzima. Hapo hasira zilinipungua kidogo. Nilitoa kila chekundu, nikarudishia rangi zake moja moja, mchoro uko ukutani na mita iko mkononi.

Kabureta hazina hadithi ndefu. Ni mbili za SU, aina ya Kiingereza, na chini ya kila moja kuna nati ya pande sita ya kurekebisha mafuta. Pa kuanzia panapojulikana ni kuipandisha mpaka mwisho kisha kuishusha pande 12, yaani mizunguko miwili kamili. Zangu nilihesabu zaidi ya 20. Injini ilikuwa inavuta hewa kwenye gasketi, na badala ya kubadilisha gasketi alipaka silikoni, kisha akashusha nati kuongeza mafuta ili kuifuata ile hewa. Silikoni na petroli havipatani. Ilikuwa imevimba ikawa kama utelezi wa bamia. Gasketi mpya, pande 12, na sauti ya injini ikawa nyingine.

Na boliti! Gari hili ni la inchi. Boliti ya inchi 5/16 ina unene wa karibu milimita 8, kwa hiyo ile ya milimita 8 inaonekana kama itaingia, na kweli inaingia, mizunguko miwili, kisha inatafuna uzi wote. Nilihesabu matundu saba yaliyotafunwa hivyo. Yote nikayachimba upya na kuvalisha nyuzi za kupachika.

Nimpe haki yake kwenye betri. Gari lilitoka kiwandani na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na yeye akaweka moja ya volti 12, akaifunga barabara kwa mkanda na kupaka grisi kwenye vichwa. Kazi safi, nimeiacha ilivyo. Sijui siku ile aliamkaje.

Juzi nimeliinua kwa jeki pale pale ubavuni, makusudi. Nikafungua mlango wa kushoto, nikaufunga. Nikarudia kama mara nne hivi. Kisha nikaweka stendi, nikalala chini, nikaanza ile breki ya nyuma.