Kabla ya Swali, Mkate

Somo la wiki: 1 Wafalme 19:1–8

Wapendwa, salamu katika jina la Bwana.

Jumanne jioni kijiko kilianguka jikoni. Kijiko tu. Lakini sinki lilikuwa limejaa vyombo, simu ilikuwa inaita kwa mara ya tatu, na usiku uliotangulia nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nne tu, tena kwa kuungaunga. Nikamgeukia mtoto kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Hakulia. Aliinama, akakiokota, akakificha nyuma ya mgongo, akasimama akinitazama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili nisisikike, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka kuomba. Maombi hayakuja, zikaja lawama: wewe ni mtu wa ibada gani, unamfokea mtoto kwa ajili ya kijiko?

Hapo ndipo nilipomkumbuka nabii Eliya. Sura ya 18 yuko juu ya Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni, manabii 450 wa Baali wameaibika. Sura ya 19 inafunguka kwa ujumbe mmoja tu kutoka kwa malkia Yezebeli, aliyeapa kumwua, na mtu yule yule anakimbia kuokoa roho yake. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu. Anaomba afe. "Yatosha," anasema.

Mretemu ni kichaka cha jangwani. Vijani vyake ni vidogo, kivuli chake ni cha kuchujachuja, jua linakupata tu. Ila mtu akichoka kiasi kile hachagui kivuli. Eliya akajinyosha hapo, akalala.

Sasa tazameni Mungu anavyojibu. Hamkemei. Hamkumbushi Karmeli. Malaika anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Zaburi ya 120 inataja makaa ya mretemu, nami napenda kuwaza kwamba moto ule ulitoka kwenye kichaka kile kile alichokuwa akililia chini yake. Lakini hayo ni mawazo yangu, msiyahubiri. Eliya anakula, anakunywa, na kisha, hapa ndipo ninapopapenda, analala tena. Malaika anamwacha alale. Anarudi mara ya pili, anamgusa, anamwambia ale, "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Usingizi mara mbili, chakula mara mbili, mguso mara mbili. Ndipo anatembea siku arobaini, mchana na usiku, hadi Horebu, mlima wa Mungu. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja mstari wa 9, pangoni, baada ya yote hayo.

Sisi tunaanza na mstari wa 9. Mtu amelemewa nyumbani kwake, tunamuuliza imani yake iko wapi. Tunamwambia afunge, akeshe, aongeze maombi. Sipingi maombi, nayaishi. Lakini kumwongezea mkesha mtu ambaye wiki nzima hajalala ni kuuchukua mkate wa malaika na kumwachia jiwe.

Mwili nao Mungu aliuumba ukiwa na taratibu zake. Ukitishwa, unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unakimbia, shingo inakaza, pumzi inakuwa fupi. Ni maandalizi mazuri kwa mtu anayefukuzwa na askari wa Yezebeli. Tatizo ni kwamba mwili hautofautishi sana kati ya upanga na ujumbe wa mtu anayekudai. Unajiandaa kukimbia wakati wewe umesimama mbele ya sinki.

Kwa hiyo pale juu ya ndoo nilifanya jambo dogo. Nilivuta pumzi polepole kwa hesabu ya nne, nikaitoa kwa hesabu ya sita. Pumzi ikitoka kwa muda mrefu kuliko inavyoingia, neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huupelekea moyo habari kwamba hatari imepita, nao unapunguza mwendo. Nikapachika neno juu yake: wakati wa kuvuta, "Bwana ndiye mchungaji wangu", wakati wa kutoa, "sitapungukiwa na kitu." Mara kumi. Haikufika dakika mbili. Nikanawa uso kwa maji ya baridi, nikatoka, nikapiga magoti mbele ya mtoto, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nikiweke wapi sasa?" Kijiko bado alikuwa amekishika.

Kuhusu usingizi, naomba tusichukulie kirahisi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa usiku, na wengi wetu tunaishi kama vile hitaji hilo ni la wavivu. Zaburi ya 127 inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kulala kwamba kazi yao ni bure, kwa maana Mungu "humpa mpenzi wake usingizi." Ni zawadi, na zawadi hupokelewa kwa mikono mitupu. Mimi yangu ilikuwa na simu. Tangu Jumatano simu inalala sebuleni. Kama wasiwasi unakuja mara tu taa inapozimwa, weka karatasi na kalamu karibu, uandike yote yanayokusumbua, hata ya kijinga, kisha uikunje. Kesho utayakuta hapo hapo. Bwana wetu mwenyewe alilala kwenye shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, na dhoruba ikiendelea.

Mengine mnayajua: kutembea robo saa bila kwenda popote, kula umekaa, kukaa mlangoni jua la asubuhi likupige, kuimba wimbo mmoja unaoujua kwa moyo hadi mwisho. Chagua moja. Ukichukua yote kwa mpigo yatageuka orodha nyingine ya kukulemea.

Na Martha? Najua kuna atakayeniletea Luka 10, pale Yesu anapomwambia Martha, aliyehangaika na kazi za nyumbani, kwamba dada yake aliyekaa kusikiliza ndiye aliyechagua vema. Nimegundua kwamba wanaopenda sana kumhubiri Martha ni wale ambao wameshakula. Kama unaona mwenzako "anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi," usimsomee mstari huo. Osha vyombo. Eliya hakujiokea ule mkate, aliukuta umeshaiva. Kuna siku kujitunza ni kukubali tu kutunzwa, kusema "leo siwezi, nisaidie," na kutosahihisha jinsi sahani zilivyopangwa. Hilo la sahani kwangu bado ni gumu.

Jambo moja zito kabla sijaweka kalamu chini. Eliya alitamani kufa, na Biblia haikulificha hilo. Kama wewe, au mtu wa nyumbani kwako, mawazo ya namna hiyo yamekuja, usingoje ibada ya wiki ijayo. Mwambie mtu leo, uende kwa daktari. Na kama ni wiki mbili sasa huzuni haiondoki, hulali, huli, hakuna kinachokupa furaha, hiyo si pumzi na matembezi peke yake; tafuta daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo. Kosa moja la Eliya ambalo hatulisemi ni kwamba alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda peke yake. Usimwache mtumishi wako Beer-sheba.

Tuombe. Bwana, uliyemgusa Eliya bila kumwuliza kitu, utuguse. Tupe usingizi usiku huu. Tuwie radhi kwa sauti tulizopaza mbele ya watoto wako wadogo. Amina.

Juma lijalo tutaingia pangoni, kwenye lile swali. Juma hili hatufiki huko. Tunaishia mstari wa 8. Someni hadi hapo, kisha mkalale.