Sio kwamba mama kafa, ni vile mlivyotufanyia

Jana usiku nimemaliza tena How I Met Your Mother, ile tamthilia ya Ted anayewasimulia watoto wake alivyokutana na mama yao, na nimenuna vilevile kama mara ya kwanza. Episodi 208, misimu 9, afu ndo wananifanyia vile. Kama hujaiangalia ishia hapahapa, naenda kuharibu kila kitu.

Watu wanasema tulichukia kwa sababu mama anakufa. Hapana bwana. Kufa sio shida, mtu afe, tulie, yaishe. Shida ni kwamba msimu wa 9 karibu wote tumekalishwa kwenye wikendi moja ya harusi ya Barney, rafiki yake Ted, na Robin, yule Ted aliyempenda zamani, wiki baada ya wiki kama waalikwa, afu episodi ya mwisho hata hatujakaa vizuri washaachana! Na mama tuliyemsubiri miaka yote ile kazikwa kwa sentensi mbili tatu, Ted huyooo, yuko chini ya dirisha la Robin na ile tarumbeta ya bluu aliyoiba kwa ajili yake episodi ya kwanza.

Ukijua kilichotokea ndo unachoka kabisa. Ile sehemu ya mwisho ya watoto wa Ted kwenye kochi, wakisikiliza hadithi, waliirekodi huko nyuma 2006, maana waliona watoto watakua. Mwisho wenyewe umekuja kuonyeshwa 2014. Yani ulikaa kabatini karibu miaka 8 na huku nje hadithi inanenepa, Barney kabadilika, Ted na Robin wameshaisha mbele ya macho yetu, wao wakafungua kabati wakaivalisha nguo ya utotoni. Lazima ipasuke.

Sasa chukua mwisho wa Breaking Bad, 2013, ile ya mwalimu Walter aliyegeuka mpika madawa ya kulevya. Ina bunduki ya rimoti kwenye buti la gari na mambo mengi, ila mi nabaki pale jikoni tu. Mkewe Skyler na sigara yake, Walter anaanza kujieleza, mama wa watu anamkatisha, asithubutu kumwambia tena eti alifanya kwa ajili ya familia. Na jamaa baada ya misimu 5 ya wimbo huohuo anakubali, alifanya kwa ajili yake mwenyewe, alipenda, na alikuwa anaiweza. Hilo deni tulikuwa tunamdai muda mrefu sana.

Mwisho wa The Sopranos nao, 2007, skrini ikawa nyeusi ghafla, kuna watu walidhani kebo imekatika. Mi nimeikubali, maana Tony, bosi wa mafia, ndo maisha yake yale, mlango ukifunguliwa lazima ainue macho. Game of Thrones sina nguvu nayo leo, ila sikatai alichofanya malkia Daenerys, kuuchoma mji, nakataa kukimbizwa, msimu wa mwisho episodi 6 tu, si ajabu watu zaidi ya milioni walisaini kutaka msimu urudiwe.

Afu kumbe ya Ted ina mwisho mwingine, waliuweka kwenye DVD, mama hafi, unaishia kituo cha treni, wawili chini ya mwavuli wa njano. Nimeuangalia asubuhi hii mara mbili. Huo ndo wangu, ule mwingine kaeni nao.