Kiunzi cha karatasi kilichanika magoti: nilivyokitengeneza

Nilichapisha kiunzi cha mifupa ili watoto wakikate na kukiunganisha wenyewe. Hatujafika hata mbavuni, magoti yakawa yameshachanika: karatasi ya kawaida haiwezi gundi na vidole vya mtoto wa miaka sita. Mmoja akabandika mfupa wa paja begani, na kwa macho ulikaa sawa kabisa!

Safari ya pili nilitumia karatasi ya manila. Gundi niliachana nayo. Kwenye kila kiungo nilitoboa tundu, nikapitisha uzi na kupiga fundo mbele na nyuma, goti likaanza kukunja na kunyooka. (Usikaze sana, mguu utakakamaa.)

Kuchanganya mifupa kulitaka dawa nyingine: kujipapasa. Kabla ya kushika mkasi, kila mtoto anautafuta mfupa huo mwilini mwake. Kigasha kina miwili. Kishike, geuza kiganja juu na chini, utausikia mmoja ukimzunguka mwenzake. Mbavu, jozi 12, tulizihesabia kwenye karatasi, maana kupapasana kulileta vicheko tu. Yule wa paja aliupima kwenye mguu wake, kisha akauhamisha bila kuambiwa.