Hiki kigari ndicho ulichofuata Marekani?

Baba mdogo aliichukua simu yangu, akakuza picha ya gari langu kwa vidole viwili, akawapitishia wenzake waliokuwa kwenye mbege. "Hiki kigari cha mwaka tisini ndicho ulichofuata Marekani?" Wakaangua kicheko. Ilikuwa Krismasi, Kibosho, uwanja umejaa Prado na Harrier zilizopanda kutoka Dar, na mimi nimekuja na IST ya kukodi. Nikacheka nao, maana baba mdogo hajibiwi mbele za watu. Lakini nimesharudi Omaha na neno lile bado limenikaa kooni, kwa hiyo namjibu huku, tena kwa kirefu.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 toleo la kwanza, lile ambalo Japani liliuzwa kama Eunos Roadster. Viti viwili, injini ya 1.6, linasukuma kwa nyuma, na uzito wake haufiki tani moja. Nimelinunua dola 4,200. Kwa hela hiyo ulizia IST ya mkononi pale Moshi mjini uone utajibiwa nini. Na ukitaka gari la umri huo liingie Bongo, TRA watakupigia ushuru wa uchakavu mpaka uliache bandarini.

Silitumii kwendea kazini. Ni la Jumapili, la autokrosi. Watu wanakodi eneo kubwa la lami, wanapanga koni za plastiki ziwe njia yenye kona, kisha mnaingia mmoja mmoja kushindana na saa. Mara nyingi hata dakika haiishi. Ukigonga koni unaongezewa sekunde mbili. Ukimaliza zamu unavaa kizibao na kwenda kuokota koni za wenzako, awe daktari, fundi wa kuchomelea au mbeba boksi kama mimi. Lincoln, ambako mashindano ya taifa ya SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani, yamefanyika miaka mingi, ni kama saa moja tu kutoka kwangu.

Sasa baba mdogo asikie. Kwenye koni, nguvu ya injini haikufikishi mbali. Nimeona magari yenye nguvu za farasi mara tatu ya langu yakihangaika kwenye slalomu, ule mstari wa koni unaoupita kwa kupinda kushoto na kulia, maana uzito ukishaegemea upande mmoja, kuurudisha upande wa pili kabla ya koni inayofuata ni kazi. Kigari chepesi kinageuka mara moja. Halafu hili kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, mbele na nyuma, kwa hiyo bodi ikilala kwenye kona, tairi linajitahidi kubaki limekanyaga lami. Wajapani waliliwaza hilo tangu 1989, wakati wengine wanawaza rangi.

Kulichagua hakukuwa kwa kung'aa. Huku msimu wa baridi wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi inakula chuma kimyakimya. Unalala chini na tochi, unagonga kizingiti cha chini ya mlango kuelekea gurudumu la nyuma, pale kutu inapojificha. Zile za 1990 hadi katikati ya 1991 zina kasoro nyingine: pua ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, ni fupi, puli inayofungwa hapo inaweza kulegea na kuila krenki yenyewe. Nililiacha moja zuri sana la bei chee kwa sababu puli ilikuwa inacheza.

Na sikugusa injini. Hela ya kwanza ilikwenda kwenye matairi yenye mpira laini. Baadaye pedi na mafuta mapya ya breki, maana yale ya zamani yakishanyonya unyevu yanachemka haraka, na siku ya kuzunguka kiwanja cha mbio pedali inazama mpaka chini. Kisha bushi, zile mpira za kwenye viungio vya chini, zote zilikuwa zimekauka. Kisha shokapu. Mwisho alaimenti: magurudumu ya mbele yainame kidogo kwa ndani juu, ili kwenye kona tairi lote lishike.

Upepo wa matairi nilifundishwa na mzee mmoja mstaafu ambaye hatukuwa tunajuana hata jina. Alikuja na chaki, akachora mistari kwenye bega la kila tairi, akaniambia kaendeshe. Niliporudi, chaki ya mbele ilikuwa imefutika mpaka ubavuni, maana yake tairi lilikuwa linapinduka. Akaongeza upepo kwa pampu yake mwenyewe, akachora upya. Sikuombwa hata soda.

Nyie mnaojiandaa kuja: usikubali kuvutwa na mkopo wa gari jipya mwezi wa kwanza. Huna historia ya mikopo, riba watakayokupigia ni ya kukukomoa, na benki itakulazimisha bima kubwa. Wabongo wangapi wanapiga shifti mbili kulilisha gari la kupigia picha? La zamani ulilolipa taslimu unalikatia bima ndogo, unalala.

Turudi kwa baba mdogo. Ile Prado yake niliiendesha mwenyewe kushuka Moshi mjini. Shokapu za mbele zinavuja mafuta, usukani unavuta kushoto, na kila kona inayumba utadhani meli. Bushi anazijua fundi yeyote wa pale mjini, angepelekewa tu. Lakini hela ilikwenda kwenye rimu na taa za mbele.

Mtoto wa dada naye ana Altezza, ananiandikia, "Anko, nitumie ekzosi, iwe na mlio." Altezza ni gari zuri, msingi wake ni wa kona kabisa, na matairi yake yana vipara. Barabara ya Arusha imejaa tochi za trafiki za kupima mwendo, huo mlio ataupeleka wapi? Namtumia pedi na bushi. Ekzosi akamwombe babu yake wa Prado.