Vichupa vinne juu ya meza ya Mganga Mkuu

Kila asubuhi nikifungua stoo ya chanjo, kabla sijaweka hata mkoba chini, naangalia Fridge-tag, kile kifaa kinachorekodi joto la jokofu. Jumatatu ile alama ya vema haikuwepo. Jokofu la kwanza lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri usiku wa Jumamosi, na likakaa chini ya sifuri kwa zaidi ya saa tatu. Kifaa kile huonyesha kengele ya tahadhari joto likikaa nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Saa tatu ni nyingi mno.

Nilimwuliza mhudumu aliyekuwa zamu. Akanijibu kwa uso mweupe kabisa: umeme ulikatika Jumamosi mchana, uliporudi aliogopa chanjo zimepata joto, akazungusha swichi ya baridi hadi mwisho ili "zirudi haraka". Sikumkaripia. Watu wengi kwenye kazi hii tumefundishwa kuogopa joto, na baridi tukaiona rafiki.

Ndani ya jokofu lile kulikuwa na vichupa 186 vya penta, kila kimoja dozi 10. Chanjo za PCV, za kichomi, na za pepopunda za watu wazima zilikuwa jokofu la pili, ambalo halikuguswa. BCG ya kifua kikuu na surua-rubella hazikunipa wasiwasi, maana hizo kuganda hakuziui. Penta ni kitu kingine. Ndiyo inayomkinga mtoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na vile vijidudu vya Hib vinavyoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Imeshikiliwa na chumvi za alumini, na ikiganda chumvi hizo hushikana madonge. Ukiiyeyusha inarudi kuwa maji meupe kama mwanzo, ila nguvu yake hairudi.

Nikabandika karatasi "ISITUMIKE" mlangoni pa jokofu, nikaenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba Sista. Mmeshapakia?"

Ilikuwa wiki ya uzinduzi wa kampeni ya chanjo. Kesho yake saa nne wageni wa mkoa walikuwa wanakuja, na gari la usambazaji lilitakiwa litoke jioni ileile kwenda vituo vya mbali. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasimama, tukaenda wote stoo. Akachukua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga, akanionyesha kile kialama cha VVM, kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto.

"Hii iko hatua ya kwanza. Mraba mweupe kabisa. Chanjo ni nzima."

"Daktari, VVM inasoma joto. Baridi haiioni."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayaona kuwa ya mtu mbaya. Alisema mwezi uliopita tuliishiwa penta siku kumi na mbili, akina mama wakarudishwa, na wengine hatujawaona tena. Alisema kifaduro hakisubiri barua ya mkoa. Alisema vichupa havijaganda vikawa barafu, tumevikuta maji, kwa hiyo mimi nakisia tu. Halafu sauti ikabadilika.

"Pakia. Mimi ndiye nitakayejibu."

Daktari huyu ndiye aliyenipendekeza kwenye nafasi niliyokuwa nayo. Tathmini yangu ya mwaka ilikuwa mezani kwake. Na nitasema ukweli: sehemu ya moyo wangu ilitaka kupakia, kwa sababu sentensi ile inapumzisha sana. Mtu mkubwa amebeba mzigo, wewe unabeba maboksi tu.

Kilichonizuia ni picha ya mama anayemshika mwanawe paja achomwe. Mtoto analia, ana homa usiku, kadi inaandikwa penta 1. Kisha wiki ya 10, kisha ya 14. Mama anaamini amemaliza. Hakuna daktari ambaye angeweza kujibu hilo, kwa sababu hakuna ambaye angekuja kuuliza. Mtoto angeugua mbele ya safari, na sisi tungesema chanjo alipata, kadi hii hapa.

Sikusema sitaki. Nilisema, "Daktari, umesema nakisia, na ni kweli, kwa sasa nakisia. Nipe mpaka kesho saa tatu asubuhi nikuletee jibu. Ikiwa unaona gari litoke leo, naomba uniandikie mstari mmoja kwenye leja, kwamba penta hii itoke ikiwa na kengele ya kuganda, nami nitapakia pamoja na wenzangu."

Kusema kwamba ningepakia kulinitisha, na sina hakika kama ningeweza. Lakini nilijua hataandika. Alitazama leja, akanitazama mimi, akasema, "Mnapenda sana kuwapa wakubwa kazi ngumu." Akatoka bila kujibu. Gari halikutoka.

Nilimwomba pia, kwa ujumbe wa simu, ruhusa ya kumpigia mratibu wa chanjo wa mkoa, ili isije kuonekana nimemruka. Hakujibu. Nikasubiri saa moja, nikatuma ujumbe wa pili kwamba napiga, nikapiga. Mratibu aliniambia nifanye kipimo cha kutikisa, na kwamba atatafuta penta wilaya za jirani.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Unachukua kichupa kimoja cha bechi husika, unakigandisha makusudi usiku kucha mpaka kiwe jiwe, unakiandika "KIMEGANDISHWA". Hicho umekiua, dozi 10 zimekwenda, na ndicho kipimo chako. Asubuhi unakiacha kiyeyuke chenyewe, bila maji ya moto. Kisha unakishika pamoja na kile unachokishuku, unavitikisa vyote kwa sekunde 10 hadi 15, unaviweka mezani vikiwa vimesimama, unatazama. Kilichoganda hushusha mashapo upesi, na juu hubaki maji maangavu. Kilicho kizima hukaa na ukungu wake muda mrefu. Mimi nilikuwa na bechi mbili: vichupa 112 vilivyokuwa chini karibu na ukuta wa jokofu, na 74 vya kikapu cha juu. Nikagandisha viwili, kimoja kwa kila bechi. Usiku ule niliamka mara mbili nikiwaza kwamba labda nimekosea, na wilaya nzima imesimama kwa sababu yangu.

Saa mbili na nusu niligonga ofisini kwake na trei. Sikutaka kumletea majibu niliyoyasoma peke yangu. Nikamwomba atikise yeye mwenyewe.

Akatikisa bechi ya chini, akaweka, akaangalia saa. Hazikupita dakika tano, vichupa vyote viwili vilikuwa vinafanana: unga umekaa chini, maji juu. Akavitikisa tena kwa nguvu zaidi. Vikafanya vilevile. Bechi ya juu ikatofautiana; kile nilichokigandisha kilishuka, mwenzake akabaki na ukungu mpaka nusu saa ilipokwisha.

"Kwa hiyo hizi za juu zinatumika?"

"Zinatumika Daktari. Nimeshazipangia vituo."

Akaomba fomu ya uharibifu. Akasaini vichupa 112 bila kuniangalia, na uzinduzi ukafanyika na vile vilivyobaki. Uhusiano wetu haukurudi kama zamani. Tathmini ile ilikuja na alama ya chini kwenye sehemu ya ushirikiano, nikaandika maelezo yangu pembeni, ikaishia hapo.

Penta ya jirani ilifika baada ya siku tisa. Kwa siku hizo zahanati nne zilirudisha akina mama, na hilo ndilo linaloniuma, maana Daktari alilisema na likatokea. Nilichukua orodha kutoka kwenye rejista: watoto 31. Tuliwapigia wenye simu, waliobaki tukawafuata na mhudumu wa afya wa kijiji kwa pikipiki, sanduku la chanjo mapajani, barafu zikiwa zimeachwa kwanza zitoke jasho zisije zikaigandisha chanjo. Wa mwisho tulimpata shambani kwa bibi yake, akiwa na wiki 17. Bibi aliuliza kwa nini safari ile mama alirudishwa. Nikakaa chini, nikamweleza yote, kuanzia ile swichi.