Tabo ya kuvutia boti: kwa nini nimechagua ndogo

Kila mwaka kusi inapoanza kuvuma, boti za kuvulia sulisuli huondolewa majini hapa Malindi, na kazi yangu ni kuzivuta kwa trela hadi Kilifi au kokote zinakokwenda kukarabatiwa. Pikapu yangu ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ: silinda 6, ujazo wa sentimita 4,164, nguvu za farasi zipatazo 130, na kiwandani haikuwekewa tabo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ni injini ya kutegemewa, lakini ikiwa na boti ya tani mbili nyuma na upepo wa kusi usoni, inapofika Gede huwa imeshachoka.

Tabo ya kwanza niliyofunga ilikuwa kubwa mno. Muuzaji alinihakikishia kwamba ingeongeza nguvu nyingi kuliko zote alizokuwa nazo dukani, na katika hilo hakunidanganya, ila nguvu zenyewe zilikuja baada ya mizunguko 2,500 kwa dakika, na mtu anayevuta mzigo hafiki huko mara kwa mara. Nakumbuka siku moja nikipandisha boti kutoka ufukweni, maji yamefika magurudumu ya trela, gari linatambaa kwa gia ya kwanza, na moshi mweusi unafunika boti yote hadi sikuiona kwenye kioo. Fundi wa wakati huo alikuwa amefungua skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, lakini hewa ya kuichoma haikuwepo. Miezi michache baadaye silinda hedi ilipasuka kwa joto.

Tangu hapo nimejifunza kuangalia kwanza koo la nyumba ya tabo upande wa ekzosi, ambalo ukubwa wake huandikwa juu ya chuma kwa tarakimu kama 0.48, 0.63 au 0.82. Koo jembamba huharakisha moshi unaotoka, panga za ndani huzunguka mapema, na hewa huanza kusukumwa injini ikiwa bado chini. Koo pana hupumua vizuri kwenye mwendo wa kasi, lakini hukuacha peke yako mlimani. Kwa injini ya 1HZ inayovuta, mimi nataka msukumo uwe umekamilika kabla ya mizunguko 2,000, na niko tayari kupoteza nguvu za juu ili niupate.

Nguvu zenyewe nazo zina mpaka. Injini hii hubana hewa kwa uwiano wa 22.4 kwa 1, ilhali ndugu yake 1HD-T, aliyetoka kiwandani na tabo, hubana kwa 18.6 kwa 1. Ukiisukumia 1HZ hewa nyingi, unaongeza shinikizo juu ya shinikizo. Yangu nimeiwekea kikomo cha msukumo cha paundi 8 kwa inchi ya mraba, na nimefunga geji ya joto la ekzosi ambayo kihisio chake kimechomekwa kabla ya tabo, si baada yake, kwa sababu moshi ukishapita kwenye panga umepoteza sehemu ya joto lake na geji itakupa matumaini ya uongo. Sindano ikivuka nyuzi 650 nashuka gia au naondoa mguu. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua geji kabla ya tabo.

Tabo niliyonayo sasa nimeinunua ikiwa imetumika. Fundi wangu wa sasa, mzee mwenye mikono mitulivu, aliishika kwenye mwanga, akakamata ncha ya mhimili kwa vidole viwili na kuusukuma mbele na nyuma. “Huku haufai kucheza, mwanangu,” aliniambia. Kisha akautikisa juu na chini: hapo mchezo kidogo unaruhusiwa, mradi panga zisiguse ukuta. Mwisho akapitisha kidole kwenye makali ya panga za upande wa hewa akitafuta mikwaruzo ya mchanga. Tabo mbili zilizotangulia alizirudisha.

Hewa ikibanwa hupata moto, na kwa joto letu la nyuzi 30 inaweza kuingia kwenye injini ikiwa imepita nyuzi 80. Ndiyo maana nimeweka kipozahewa, kinachoipoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini, ingawa msukumo wangu ni mdogo. Nabadilisha oili kila kilomita 5,000, na nikishavuta mzigo siizimi injini mpaka ingurume kwa dakika mbili, kwani mhimili unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hauna ulinzi mwingine ila oili hiyo.

Chumvi ndiyo inayonisumbua sasa. Mapezi ya kipozahewa ni ya alumini, na kila nikirudisha trela baharini nayaosha kwa maji baridi ya kisima jioni hiyohiyo, kabla sijaosha hata gari lenyewe.